Historia ya Dini na Utamaduni wa India ya Kale na ya Kati: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

India ya kale na India ya kati ni ya miaka ipi hasa?

Kwa mazoea ya wanahistoria, India ya kale huanzia kwenye miji ya Bonde la Indus, iliyostawi kati ya mwaka 2600 na 1900 hivi K.K., ikashuka mpaka karne ya 6 au ya 7 B.K., dola ya Wagupta ilipokuwa imekwisha sambaratika. Ya kati inaanzia hapo na kufikia Wamughal, wafalme Waislamu wa Delhi na Agra. Mipaka hii haina haja ya kugombaniwa. Mgawanyo wa kujihadhari nao ni ule wa James Mill, Mskoti aliyechapisha historia ya India mwaka 1817 bila kuwahi kukanyaga huko: zama za Wahindu, zama za Waislamu, zama za Waingereza. Umo vichwani mwa watu hadi leo, na umepotosha wengi, kwa sababu unakufanya uamini kwamba kila zama zilikuwa na dini moja na mfalme wa dini hiyo. Tangu enzi ya Buddha hakuna karne hata moja ya India iliyokuwa hivyo.

Jambo jingine: "India" hapa si nchi ya sasa tu. Harappa na Mohenjo-daro, miji ya Bonde la Indus, ziko Pakistan, na Lumbini, alikozaliwa Buddha, iko Nepal.

Nianze na vitabu vitakatifu?

Ndivyo wengi wanavyoanza, na ndipo wengi wanapokwama. Mahabharata, utenzi mkubwa wa vita wa Wahindu, peke yake kwa hesabu ya jadi ina beti laki moja. Wanazuoni wa Taasisi ya Bhandarkar mjini Pune walipoamua kulinganisha nakala zake za mkono ili watoe toleo moja la kuaminika, kazi ilianza mwaka 1919 ikaisha 1966.

Ushauri wangu ni kuanza na mawe. India imejaa maandishi yaliyochongwa kwenye miamba, nguzo, kuta za mahekalu na mabamba ya shaba, na uzuri wake ni kwamba mengi yanakuambia nani alitoa mali, mwaka gani, na kwa ajili ya nani. Kitabu kitakatifu kinasema watu wanapaswa kufanya nini. Jiwe linasema fulani alitoa shamba. Mjini Gwalior kuna hekalu dogo lenye maandishi ya mwaka 876 yanayoeleza bustani ya maua iliyowekwa wakfu: dhiraa 270 kwa 187, na shada za maua 50 kila siku kwa ajili ya mungu. Wanahisabati husafiri kwenda kuiona ile 270 kwa sababu ni miongoni mwa sifuri za zamani kabisa zilizoandikwa kwa alama ya duara nchini India. Mimi zinanivutia zaidi zile shada 50. Mtu alikaa akahesabu maua ya ibada ya kila siku, akaona hesabu hiyo inastahili kuchongwa.

Ni lazima nijue Kisanskriti?

Ndiyo lugha ya kale ya vitabu vya Kihindu. Kuanza, hapana. Kuwa mtafiti, ndiyo, na pengine hicho pekee hakitakutosha. Maandishi ya kale kabisa ya wafalme yako kwa Kiprakriti, lugha ya watu wa kawaida iliyo ndugu wa Kisanskriti. Maandiko ya Wabudha wa Sri Lanka yako kwa Kipali. Kusini huwezi kwenda popote bila Kitamil, lugha yenye fasihi ya miaka elfu mbili hivi. Na ukifika kwenye masultani wa Delhi utahitaji Kiajemi. Anayesoma Kiarabu ana faida kubwa ambayo mara nyingi haitumii: al-Biruni, mmoja wa mashahidi bora kabisa wa India ya karne ya 11, aliandika kwa Kiarabu.

Watu wa Mohenjo-daro waliabudu nini?

Maandishi yao hayajasomeka mpaka leo. Ni mafupi mno, kwa wastani alama tano hivi kwa kila muhuri, na hakuna jiwe la lugha mbili la kutufungulia mlango. Kwa hiyo kila anayekuambia kwa uhakika jina la mungu wao anakisia. Kuna muhuri mmoja maarufu, wa mtu aliyeketi amekunja miguu, kichwani pembe, amezungukwa na tembo, chui milia, kifaru na nyati. John Marshall, aliyeutangazia ulimwengu ustaarabu huo mwaka 1924, alisema ni umbo la mwanzo la Shiva, mmoja wa miungu wakuu wa Wahindu. Wengine wanaona ni mungu mwingine kabisa, au si mungu. Tuache hapo, tusonge mbele.

Waariani walivamia India, au hawakuvamia?

Swali hili linaulizwa kwa hasira zaidi ya yote, kwa sababu nchini India ni suala la siasa. Waariani ni watu waliosema lugha iliyozaa Kisanskriti. Nadharia ya zamani ya majeshi yao ya wapanda farasi kubomoa miji ya Indus imekufa. Miji ile ilififia taratibu bila dalili za vita vya namna hiyo. Lakini Kisanskriti ni ndugu wa Kiajemi, Kigiriki na Kilatini, na hilo halina mjadala miongoni mwa wanaisimu. Mwaka 2019 vinasaba vya mwanamke aliyezikwa Rakhigarhi, mji wa ustaarabu wa Indus, vilionyesha hakuwa na asili ya nyika za Asia ya Kati, ilhali watu wengi wa India ya leo wanayo kwa viwango tofauti. Asili hiyo ilifika baada ya mwaka 2000 K.K. Watu walihama, wakaoana na wenyeji, na lugha ikaenea.

Veda zilihifadhiwaje bila kuandikwa?

Veda ni maandiko matakatifu ya kale kabisa ya Wahindu. Zilihifadhiwa kifuani, na kwa ufundi unaotisha. Rigveda, iliyo kongwe kuliko zote, ina tenzi 1,028, na wataalamu wengi huziweka kati ya mwaka 1500 na 1000 K.K., lakini nakala za kale za mkono zilizoko Pune ni za karne ya 15 tu. Katikati hapo ni midomo na masikio.

Mwanafunzi hakukariri mstari kwa namna moja. Kwanza aliusoma kama ulivyo. Kisha neno moja moja. Kisha kwa kusuka: neno la kwanza na la pili, la pili na la kwanza, la kwanza na la pili na la tatu, la tatu na la pili na la kwanza, tena la kwanza na la pili na la tatu, halafu anasogea neno moja mbele na kuanza upya. Ukikosea silabi, mfumo mzima unakuumbua. Waliokulia chuoni wakihifadhi Qur'ani chini ya jicho la maalimu wataelewa haraka kuliko maprofesa wengi wa Ulaya wa karne ya 19, ambao hawakuamini kwamba kitabu kinaweza kuishi hivyo. UNESCO iliutambua usomaji huu mwaka 2003 kuwa urithi wa binadamu.

Ashoka alikuwa nani, na kwa nini kila mtu anamtaja?

Mfalme wa dola ya Wamaurya, aliyetawala takriban mwaka 268 hadi 232 K.K. Alichonga maneno yake mwenyewe kwenye miamba na nguzo kuanzia Afghanistan mpaka Karnataka, na kule Kandahar aliyatoa kwa Kigiriki na Kiaramu ili wenyeji waelewe. Herufi zake za Brahmi zilisahaulika kabisa mpaka James Prinsep alipozifumbua mwaka 1837. Hata hapo jiwe lilikuwa likimtaja kwa cheo, "Mpendwa wa miungu"; jina Ashoka lenyewe lilithibitika kwenye jiwe la Maski, lililopatikana mwaka 1915.

Katika tangazo lake la 13 anasema aliiteka Kalinga, nchi ya pwani ya mashariki, watu laki moja wakauawa, laki moja na nusu wakahamishwa kwa nguvu, na kwamba anajuta. Ni nadra mshindi kuchonga majuto yake. Wasomaji wengi huishia hapo, wametokwa na machozi. Nenda kaangalie mawe yaliyoko Kalinga kwenyewe, Dhauli na Jaugada: tangazo la 13 halipo. Badala yake kuna matangazo mengine, yanayowaagiza maofisa wawatendee wananchi kwa haki. Majuto yalisomwa na kila mtu isipokuwa walioumizwa. Simwiti mnafiki, ila usimsome mfalme yeyote bila kuuliza jiwe lilisimamishwa wapi.

Kama Buddha alikuwa Mhindi, Wabudha wa India walikwenda wapi?

Jibu linalopendwa ni kwamba Waislamu waliwamaliza. Ni kweli kwamba majeshi ya Bakhtiyar Khalji, jemadari Mwislamu, yalipoingia Bihar, mashariki mwa India, karibu na mwaka 1200 vyuo vikubwa vya watawa vilipigwa. Lakini Xuanzang, mtawa wa Kichina aliyetembea India katika karne ya 7, tayari alikuta nyumba nyingi za watawa zikiwa magofu. Ubudha ulikuwa umejikita kwa watawa, na watawa waliishi kwa mali ya wafalme na wafanyabiashara. Wafalme walipohamishia ukarimu wao kwa Shiva na Vishnu, miungu ya Kihindu, kijijini hapakubaki mtu wa kuushika. Hata Buddha mwenyewe alifanywa mmoja wa avatara za Vishnu, yaani maumbo anayoyatwaa mungu akishuka duniani.

Na haukukatika kwa siku moja. Mtawa wa Tibet, Dharmasvamin, alifika Nalanda, kimojawapo cha vyuo vile, kwenye miaka ya 1230, akamkuta mwalimu mzee wa miaka zaidi ya 90 akifundisha wanafunzi wapatao 70 katikati ya magofu.

Mahekalu yana nini cha kumfundisha mwanahistoria zaidi ya uzuri?

Chukua hekalu la Thanjavur, Tamil Nadu, lililokamilika mwaka 1010 chini ya Rajaraja wa Wachola, ukoo wa wafalme wa kusini. Watalii hutazama mnara. Inama utazame msingi: umechongwa maandishi kuuzunguka. Yanaorodhesha dhahabu, vito, mifugo ya kutoa samli ya taa, na wanawake 400 wa hekalu, kila mmoja kwa jina lake, mji aliotoka, mtaa aliopewa nyumba na fungu lake la mpunga. Wamo pia wapiga ngoma, washonaji, wahasibu. Hekalu lilikuwa mwajiri, mkopeshaji na mwenye ardhi. Mtu anayesoma dini ya Wachola kwa tenzi tu, akaacha orodha ya mpunga, amesoma nusu.

Ukiwa Ellora utaona jambo lingine: mapango 34 ya Wabudha, Wahindu na Wajaini mlima mmoja. Pango la 16, Kailasa, ni hekalu zima lililochongwa kutoka juu kwenda chini katika jiwe moja, karne ya 8.

Tabaka za Wahindu: zilikuwa hivyo tangu mwanzo?

Utenzi wa 10.90 wa Rigveda unataja makundi manne yaliyotoka kwenye mwili wa mtu wa kwanza, na kitabu cha sheria cha Manu kinayawekea amri kali. Ila Manu aliandika anachotaka kiwe. Mjini Mandasor kuna maandishi ya karne ya 5 ya chama cha wafumaji hariri waliohama kutoka Gujarat. Walijenga hekalu la Jua kwa fedha zao, na jiwe linasema kwa fahari kwamba baadhi yao sasa ni wapiga mishale, wengine wanajimu, wengine wasimulizi wa hadithi. Kwa Manu hilo lisingewezekana. Haina maana kwamba dhuluma haikuwepo: waliotengwa kabisa na makundi manne waliteseka kwelikweli, na hawakuwa na fedha ya kuchonga mawe. Sauti zao tunazisikia baadaye, kwa washairi kama Ravidas, fundi wa ngozi wa Varanasi.

Mahmud wa Ghazni alivunja hekalu la Somnath. Si hiyo ndiyo historia ya Uislamu India?

Sultani huyo kutoka Afghanistan alilivunja hekalu hilo la pwani ya Gujarat, mwaka 1026, na hakuna sababu ya kulificha. Ila wafalme Wahindu nao walipora mahekalu. Harsha wa Kashmir, wa mwishoni mwa karne hiyo hiyo, alikuwa na ofisa maalumu wa kung'oa sanamu za miungu, na anayetuambia ni Kalhana, Brahmini (mtu wa tabaka la makuhani) wa Kashmir. Hekalu lilikuwa hazina, na lilikuwa bendera ya mfalme aliyelijenga.

Sasa tazama vitu viwili. Cha kwanza ni sarafu ya fedha ya Mahmud huyo huyo, iliyopigwa Lahore mwaka 1027 au 1028. Upande mmoja una kalima kwa Kiarabu. Wa pili una kalima kwa Kisanskriti, na humo Mtume Muhammad anaitwa avatara. Mvunja sanamu alihitaji sarafu ambayo wafanyabiashara wa Punjab wangeipokea.

Cha pili ni jiwe la Veraval, kando ya Somnath, la mwaka 1264. Nahodha Nuruddin Firuz kutoka Hormuz alitaka kujenga msikiti. Akapata ardhi palepale Somnath, kwa kujua kwao mfalme Arjunadeva wa Gujarat, wakubwa wa mji na kuhani mkuu wa Shiva. Mkataba ukachongwa kwa lugha mbili. Wa Kisanskriti umeandikwa tarehe kwa kalenda nne tofauti, ukianza na ya Hijra. Unamsifu Mungu kwa maneno ambayo Muislamu na Mhindu wote wangeweza kuyaitikia, unamwita Mtume mwalimu, kisha unapanga matumizi ya wakfu: mafuta ya taa, maji, imamu, sikukuu za mabaharia, na kitakachobaki kipelekwe Makka na Madina. Wa Kiarabu ni mfupi zaidi, na humo inaombwa Somnath iwe mji wa Kiislamu.

Mtu mmoja, msikiti mmoja, na maneno mawili kwa masikio mawili. Wapo watakaokuonyesha Kisanskriti tu wakisema tazama mapenzi, na watakaokuonyesha Kiarabu tu wakisema tazama chuki. Mahakimu, makuhani na mabaharia wa mji ule waliishi na yote mawili, na biashara ikaendelea. Mtu asiyeweza kushika pande zote mbili za jiwe lile kwa pamoja atapata tabu na India yote ya kati.

Bhakti na Usufi ni kitu kimoja?

Hapana, ingawa vilikaa jirani. Bhakti ni ibada ya mapenzi kwa mungu wako, kwa lugha ya nyumbani. Ilianzia kusini kwa Kitamil tangu karne ya 6 hivi, kwa watakatifu 63 wa Shiva na washairi 12 wa Vishnu. Miongoni mwao alikuwemo mwanamke, Andal, ambaye hakutaka mume mwingine ila Vishnu. Karnataka katika karne ya 12, Basava na wenzake walikataa tabaka waziwazi. Masufi wa Chishti walikuja na njia yao: Muinuddin, aliyefariki Ajmer mwaka 1236, na Nizamuddin wa Delhi, aliyefariki 1325, ambao makaburi yao huzuriwa na watu wa dini zote mpaka leo.

Walipokutana waziwazi ni ndani ya kitabu cha Makalasinga. Guru Arjan, kiongozi wao, alipokikusanya mwaka 1604, aliweka pamoja na maneno ya Guru Nanak, mwasisi wao, mashairi ya Kabir mfumaji, ya Ravidas, na ya Sheikh Farid, Sufi wa Chishti.

Haya yanahusiana vipi na pwani ya Afrika Mashariki?

Pengine umekwisha kusoma kitabu cha kale cha India bila kujua. Kisa cha kima na papa, papa anapotaka moyo wa kima na kima anasema ameuacha mtini, na ndani yake kile cha punda wa dobi asiye na moyo wala masikio, kilichapishwa na Edward Steere mwaka 1870 kutoka kwa wasimulizi wa Unguja. Asili yake ni Panchatantra, kitabu cha hadithi cha Kisanskriti, ambako mwenzake kima ni mamba. Katika karne ya 6 ilihamia Uajemi; karne ya 8 Ibn al-Muqaffa' akaiweka kwa Kiarabu, ndiyo Kalila na Dimna. Kufika kwetu mamba akawa papa, kama inavyostahili.

Mali nayo ilisafiri: shanga za India zimefukuliwa Kilwa na katika mji wa kale uitwao Shanga, kisiwani Pate. Ibn Battuta alikuwa Kilwa mwaka 1331, na miaka michache baadaye alikuwa kadhi Delhi. Watu wa Afrika walikwenda pia, wengi kwa utumwa, na baadhi wakapanda juu: Malik Ambar, mzaliwa wa Ethiopia, alikuwa mtawala halisi wa usultani wa Ahmadnagar, magharibi mwa India, mpaka alipofariki mwaka 1626. Kule Ratanpur, Gujarat, Masidi wenye asili ya Afrika bado wanalitunza kaburi la walii wao Bava Gor kwa ngoma.

Mimi ni Muislamu (au Mkristo). Si hatari kwa imani yangu kusoma mambo ya masanamu?

Al-Biruni alikuwa Muislamu, aliyehudumu chini ya Mahmud. Alijifunza Kisanskriti ukubwani, akakiri ni kigumu, akamaliza kitabu chake mwaka 1030 hivi. Alisema mapema kwamba hakiandiki ili kuwabishia Wahindu. Atayaweka maneno yao kama wanavyoyasema wenyewe. Kazi hiyo haikumtoa kwenye dini yake. Kusoma alichoamini mtu ni kitu kimoja, kukiamini ni kingine.

Nimeona mtandaoni kwamba Wahindi wa kale walikuwa na ndege. Kweli?

Si kweli. Kitabu kinachotajwa, Vaimanika Shastra, kilisemwa na mtu mmoja mwanzoni mwa karne ya 20 akidai amekipokea kwa njia ya rohoni. Wahandisi wa taasisi ya sayansi ya Bangalore walikichunguza mwaka 1974, wakaona ndege zake haziwezi kuruka. Na inasikitisha, kwa sababu ya kweli yanatosha: Aryabhata alieleza mwaka 499 kwamba dunia inajizungusha, na Brahmagupta akaweka kanuni za sifuri mwaka 628.

Naweza kwenda kusoma India?

Baraza la India la Mahusiano ya Kitamaduni, ICCR, hutoa ufadhili kwa wanafunzi wa Afrika kila mwaka. Ulizia ubalozi wa India ulio karibu nawe. Kwa akiolojia na Kisanskriti, Deccan College ya Pune ina jina. Delhi kuna Jawaharlal Nehru University. Andika kwenye maombi yako kipindi na mahali unapotaka kusoma; "utamaduni wa India" kwa ujumla haimwambii msimamizi chochote.

Ukibahatika kufika Maharashtra, panga siku zako vizuri: Ajanta hufungwa Jumatatu, Ellora hufungwa Jumanne.